Kutembea, kukimbia, kunyanyua vyuma au kucheza na timu: kuchagua mazoezi kwa ajili ya afya ya akili

Mtu anayesumbuliwa na sonona, wasiwasi au msongo wa mawazo wa muda mrefu huambiwa na daktari, na pengine na kila ndugu anayekuja kumjulia hali, kwamba afanye mazoezi. Ushauri huo ni sahihi, lakini kwa kawaida huishia hapo, na mgonjwa anabaki na swali ambalo hakuna aliyemjibu: mazoezi gani, kwa kiasi gani, na aanzie wapi ilhali hata kuoga kumekuwa kazi nzito? Makala hii imeandikwa kwa ajili yake. Inalinganisha njia nne ambazo watu wengi wa Afrika Mashariki wanaweza kuzifikia bila safari ndefu, yaani kutembea, kukimbia, kunyanyua vyuma na kucheza mchezo wa timu. Yoga, kuogelea na baiskeli vina manufaa yake, na yoga hasa imefanya vizuri katika tafiti, lakini mwalimu, bwawa na barabara isiyo na hatari ni vitu ambavyo wengi wetu hatuna karibu, kwa hiyo nimeviweka kando.

Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba mazoezi huzalisha endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu. Ni kweli huzalishwa, lakini endofini zilizomo kwenye damu hazipenyi kwa urahisi kuingia kwenye ubongo, na watafiti wa siku hizi wanazipa uzito zaidi kemikali nyingine ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, zinazofanana na zile zilizomo katika bangi, pamoja na protini zinazosaidia chembe za ubongo kukua na kuunganika upya. Juu ya hayo kuna sababu zisizohitaji maabara: usingizi unakuwa mzito, siku inapata mpangilio, mtu anatoka ndani na kuonana na wenzake, na yule aliyekwisha kuamini kwamba hawezi lolote anaona kwa macho yake kuwa kuna jambo moja ameliweza. Njia nne tunazozilinganisha hazigawi faida hizi kwa usawa, na tofauti hizo ndizo zinazofanya uchaguzi uwe na maana.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 156 wenye sonona, wote wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Baadhi walipewa sertralini, dawa ya kutibu sonona, baadhi mazoezi mara tatu kwa wiki, na baadhi vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa waliokuwa kwenye dawa walianza kuiona mapema zaidi. Kwa hiyo mazoezi ni msaada wa kweli, na si maneno ya kumfariji mgonjwa, lakini ni msaada unaohesabiwa kwa wiki. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameanza kukimbia. Azungumze kwanza na aliyemwandikia.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni ushahidi: tafiti zimeonyesha nini kuhusu njia hiyo na hali ya akili. Utafiti utakaotajwa zaidi ya mara moja ni ule uliochapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwezi Februari 2024, uliokusanya majaribio 218 yenye washiriki 14,170 waliokuwa na sonona. Wakusanyaji wake wenyewe walitahadharisha kwamba ubora wa majaribio mengi ulikuwa mdogo, kwa kuwa haiwezekani kumficha mtu asijue kama anafanya mazoezi au hafanyi, na matarajio yake yanaweza kuchangia nafuu anayoieleza.

Kigezo cha pili, ambacho kwa maoni yangu kinastahili uzito kuliko vyote, ni ugumu wa kuanza siku mbaya. Afya ya akili ikiyumba, kinachoathirika mapema ni hamu na nguvu ya kuanza jambo. Zoezi linalohitaji kufunga begi, kupanda daladala na kukutana na watu kumi linaweza kuwa bora kuliko yote kwenye karatasi, lakini likashindwa kabisa siku ambayo mtu ameamka hataki kuonana na yeyote. Anayechagua akiwa kwenye siku nzuri husahau hilo, akapanga ratiba ya mtu mzima wa afya.

Kigezo cha tatu ni uwezekano wa kudumu nalo kwa miezi. Cha nne ni mahali, gharama na usalama, ambavyo kwa mwanamke anayetoka peke yake alfajiri si jambo dogo. Cha tano ni madhara yanayoweza kutokea, ya mwili na ya akili pia. Baada ya hapo nitasema kila njia inamfaa nani.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na kuongeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Ya wastani ni yale ambayo unaweza kuzungumza ukiyafanya lakini huwezi kuimba. Idadi hizo zisimtishe anayeanza. Katika utafiti wa Norway uliowafuatilia watu wazima 33,908 kwa takribani miaka 11, watafiti walikadiria kwamba asilimia 12 ya visa vipya vya sonona vingeweza kuzuiwa iwapo kila mtu angefanya mazoezi kwa saa moja tu kwa wiki, yawe mepesi au makali.

Kutembea

*Ushahidi.* Katika mkusanyo ule wa BMJ, kutembea na kukimbia polepole vilihesabiwa katika kundi moja, na kundi hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyopunguza dalili za sonona kwa kiwango kikubwa. Watafiti waliona pia kwamba kadiri zoezi linavyokuwa kali ndivyo nafuu inavyoongezeka, lakini hata mazoezi mepesi yalileta nafuu inayoonekana. Mahali pa kutembelea nako kuna uzito wake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatembeza watu 38 kwa dakika 90, wengine penye miti na nyasi, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita penye miti walipungukiwa na ile tabia ya kurudia-rudia mawazo mabaya kujihusu, na sehemu ya ubongo inayohusishwa nayo ikapunguza shughuli, ilhali wale wa barabarani hawakubadilika hivyo. Mkazi wa Nairobi aliye na Karura karibu, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe wajenzi, ana sababu ya kulipa kiingilio chake badala ya kuzunguka kwenye moshi wa magari. Mkazi wa pwani ana ufuko, na saa moja kabla ya magharibi ndio wakati wake.

*Kuanza siku mbaya.* Hapa kutembea hakuna mshindani. Hakuhitaji nguo maalumu, hakuna atakayeuliza unaenda kufanya nini, na mtu anaweza kujidanganya kwa nia njema kwamba anafika dukani tu na kurudi. Dakika kumi zinahesabika, na zikimshinda leo, kesho atatoka bila deni la kumwomba mtu radhi.

*Kudumu.* Urahisi huo huo ndio udhaifu wake. Kwa kuwa hakuna anayekusubiri wala ada uliyolipa, ni rahisi kutembea kukapotea kimyakimya ratiba inapobana. Kinachosaidia ni kukufunga kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, au kuzunguka mtaa baada ya sala ya alfajiri. Mwezi wa Ramadhani, wengi huona ni rahisi zaidi kutembea taratibu muda mfupi kabla ya futari au baada ya tarawehe.

*Mahali, gharama na usalama.* Gharama ni viatu visivyoumiza. Tatizo ni barabara zetu nyingi zisizo na njia ya waenda kwa miguu, pikipiki zinazopita pembeni, na kwa wanawake maneno ya vijiweni ambayo yanaweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa na hali mbaya kuliko aliyotoka nayo. Kutembea wawili kunapunguza mengi ya hayo.

*Madhara.* Ni machache sana. Tahadhari ya kweli ni kwamba mtu mwenye mawazo yanayozunguka, akitembea peke yake kwa mwendo wa pole bila chochote cha kumshughulisha, anaweza kuyatembeza mawazo yale yale. Mwendo wa haraka kidogo au mwenzi wa kuzungumza naye husaidia.

*Kunamfaa nani.* Aliye katika sonona nzito, mzee, mwenye uzito mkubwa au shinikizo la damu lililodhibitiwa, mama aliyejifungua ambaye kliniki imemruhusu, na yeyote ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka.

Kukimbia

*Ushahidi.* Utafiti unaolizungumzia suala hili moja kwa moja ulifanyika Amsterdam na kuchapishwa mwaka 2023. Watu 141 wenye sonona, wasiwasi, au vyote viwili waliachiwa kuchagua kati ya dawa na kukimbia katika kundi linalosimamiwa, dakika 45 kila mara, mara mbili hadi tatu kwa wiki kwa wiki 16. Walio wengi walichagua kukimbia, wachache wakapangiwa kwa bahati nasibu, na kwa jumla 96 walikimbia na 45 wakatumia dawa. Mwishoni, takribani asilimia 44 ya kila upande walikuwa wametoka katika hali ya ugonjwa. Waliokimbia walipata zaidi faida za mwili: uzito, shinikizo la damu na mapigo ya moyo vilikuwa bora. Lakini waliofuata ratiba ya kukimbia ipasavyo walikuwa asilimia 52, ilhali waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 82. Takwimu hizo mbili za mwisho ningependa kila anayemshauri mgonjwa akimbie azikumbuke, kwa maana zinaonyesha jinsi watu wanavyoipenda njia hii kwa fikra na jinsi inavyowashinda kwa vitendo, hata pale walipokuwa na msimamizi.

*Kuanza siku mbaya.* Ni kugumu. Mwili unalalamika katika dakika za mwanzo, na mtu mwenye huzuni nzito huichukua ile pumzi inayokatika kuwa ushahidi mwingine kwamba ameharibika. Dawa ya hilo ni kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa zamu, kwa wiki kadhaa. Anayekimbia kwa kasi isiyomruhusu kuzungumza katika mwezi wa kwanza anajitafutia sababu ya kuacha.

*Kudumu.* Peke yako, ni vigumu. Katika kundi, hali inabadilika kabisa. Vikundi vya jogingi vinavyokimbia mitaani Dar es Salaam na miji mingine siku za mwisho wa wiki, kwa nyimbo zinazowakumbusha waliosoma Tanzania mchakamchaka wa shuleni, vinatoa jambo ambalo mkimbiaji wa peke yake hana: watu watakaouliza ulikuwa wapi. Vingi vya vikundi hivyo vina michango, sare, na utaratibu wa kusaidiana katika misiba na harusi, na mtu aliyejitenga kwa sababu ya ugonjwa anaweza kujikuta amerudi kwenye jamii kupitia mlango huo. Kwa baadhi, mashindano kama Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambayo ina mbio za umbali tofauti, ni lengo la kuwashika miezi kadhaa.

*Mahali, gharama na usalama.* Raba nzuri si anasa, kwa maana goti na kisigino huumia haraka kwenye lami. Joto la pwani kati ya Desemba na Machi linataka mtu akimbie kabla jua halijapanda au baada ya kutua. Giza la alfajiri, mbwa na magari ni hatari halisi, na kundi ni ulinzi.

*Madhara.* Mtu mwenye wasiwasi mkali unaokuja kwa ghafla anapaswa kujua kwamba mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho na pumzi fupi vya mkimbiaji vinafanana na dalili za shambulio lenyewe, na mara za kwanza vinaweza kumtisha. Mwili ukizoeshwa pole kwa pole, kufanana huko hugeuka kuwa faida: anajifunza kwamba moyo unaweza kwenda mbio na hakuna baya likatokea. Kwa upande mwingine, wapo wanaoanza kukimbia ili wapate nafuu kisha wakashindwa kupumzika hata siku moja, wakakimbia wakiwa na jeraha au bila kula, na hiyo si dalili ya uzima. Anayetumia lithiamu azungumze na daktari kabla ya kuanza mazoezi ya kutoa jasho jingi, kwa sababu upungufu wa maji mwilini huweza kupandisha kiwango cha dawa hiyo hadi kwenye hatari.

*Kunamfaa nani.* Aliye na sonona nyepesi au ya wastani ambaye bado anaamka na kutoka, mwenye msongo wa kazi anayehitaji kuchoka ili alale, na mtu anayeweza kupata kundi la kasi yake.

Kunyanyua vyuma na mazoezi mengine ya nguvu

*Ushahidi.* Mwaka 2018 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha mkusanyo wa majaribio 33 yenye washiriki 1,877 ulioonyesha kwamba mazoezi ya nguvu hupunguza dalili za sonona. Lililonivutia ndani yake ni kwamba nafuu haikutegemea kama mshiriki aliongezeka nguvu. Mtu ambaye nguvu zake hazikuongezeka alipata nafuu ya akili sawa na mwingine, na habari hiyo inapaswa kuwafikia wanaodhani kwamba vyuma ni vya vijana wanaotaka kifua. Mkusanyo wa BMJ nao uliyaweka mazoezi ya nguvu miongoni mwa njia zilizofanya vizuri, na uliona kwamba, pamoja na yoga, ndiyo ambayo washiriki waliyaacha kwa nadra zaidi.

*Kuanza siku mbaya.* Inategemea wapi. Kwenda jimu yenye vioo na watu waliojazia kunaweza kuwa mtihani mzito kwa mtu aliyepoteza kujiamini. Nyumbani ni habari nyingine: kuchuchumaa na kuinuka mara kumi, kusukuma ukuta au sakafu, na kuinua dumu la maji la lita tano vinafanyika chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata kwa mtu ambaye hajataka kuonana na mtu siku nzima.

*Kudumu.* Siku mbili kwa wiki zinatosha, na mapumziko kati yake ni sehemu ya zoezi, kwa hiyo ratiba haimlemei mtu. Hesabu nayo inasaidia. Anayeinua kilo kumi leo na kumi na mbili mwezi ujao ana ushahidi wa maendeleo usiobishaniwa, na kwa mtu ambaye akili yake inamwambia kila siku kwamba hakuna kinachobadilika, hilo ni jambo kubwa. Aidha, kuhesabu marudio na kuangalia mkao wa mgongo huushughulisha ubongo kiasi kwamba mawazo yanayozunguka yanapata nafasi ndogo.

*Mahali, gharama na usalama.* Jimu za mjini hutoza ada ya mwezi. Za mitaani, zenye vyuma vilivyotengenezwa kwa bomba na makopo yaliyojazwa saruji, ni nafuu zaidi na zina udugu wake, lakini nyingi ni za wanaume, na mwanamke anaweza asijisikie huru. Baadhi ya jimu hutenga saa za wanawake peke yao, na inafaa kuuliza. Kwa anayejali sitara, au anayeishi mahali ambapo kutoka alfajiri si salama, mazoezi ya nguvu ya nyumbani ndiyo jibu lililo karibu zaidi.

*Madhara.* Mgongo na mabega huumizwa na haraka ya kuongeza uzito. Kwa upande wa akili, hatari ni kuigeuza nafuu kuwa kesi ya kioo: kijana anayejipima kila siku na kujiona bado mdogo anaweza kuongeza wasiwasi aliokuja kuupunguza, na baadhi huishia kwenye sindano na vidonge vya homoni za kukuza misuli, ambavyo vyenyewe huweza kuleta hasira, huzuni na mabadiliko makali ya hisia.

*Kunamfaa nani.* Mwenye mawazo yanayozunguka, mwenye maumivu ya goti asiyeweza kukimbia, mzee anayeogopa kuanguka, anayetumia dawa za akili zinazoongeza uzito, na anayehitaji faragha.

Mchezo wa timu

*Ushahidi.* Mwaka 2018 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa majibu ya Wamarekani wapatao milioni 1.2. Waliofanya mazoezi walikuwa na siku za hali mbaya ya akili pungufu kwa asilimia 43 kuliko wasiofanya waliofanana nao kwa umri, kipato na mengine, na kati ya aina zote za mazoezi, michezo ya timu ndiyo iliyohusishwa na upungufu mkubwa zaidi. Matokeo mazuri yalionekana kwa wanaofanya mazoezi dakika 45 hivi, mara tatu hadi tano kwa wiki. Haki inataka tuseme kwamba huo ulikuwa uchunguzi wa majibu ya wakati mmoja, usioweza kuthibitisha kipi kilitangulia. Huenda mwenye afya njema ndiye anayejiunga na timu. Ushahidi wa majaribio hapa ni mwembamba kuliko wa njia tatu zilizotangulia.

*Kuanza siku mbaya.* Mara ya kwanza ni kugumu kuliko zote, kwa sababu lazima uonane na watu na ukubali kuonekana ukikosea pasi. Baada ya kuzoeleka, hali hugeuka: mwenzako anakugongea mlango, na timu yenye wachezaji saba haiwezi kucheza bila wewe.

*Kudumu.* Wajibu kwa wenzako hushika mahali ambapo nia yako imelegea. Timu za maveterani zinazocheza kandanda Jumamosi au Jumapili asubuhi zinawaweka uwanjani wanaume wa miaka 40, 50 na zaidi ambao kwa ajili ya afya zao peke yake wasingetoka. Netiboli, na rede kwa waliokua wakiicheza, zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa wanawake, ingawa mtu mzima mwanamke hupata timu kwa shida zaidi, na mara nyingi hana budi kuianzisha na wenzake wa kazini, wa kikoba au wa mtaani.

*Mahali, gharama na usalama.* Gharama ni mchango wa mpira na jezi. Viwanja vya wazi vinazidi kumezwa na majengo, na timu nyingi hutegemea viwanja vya shule. Ratiba si yako. Mwenye zamu za usiku au mwenye watoto wadogo atapata taabu.

*Madhara.* Vifundo vya miguu na magoti huumia zaidi kuliko katika kutembea au vyuma, hasa kwa anayerudi uwanjani baada ya miaka mingi bila kupasha mwili moto. Matusi na kelele za uwanjani zinaweza kumvunja mtu ambaye tayari anajiona hafai, na baadhi ya timu humalizia mechi kwenye pombe, ambayo kwa mwenye sonona huharibu usingizi na hali ya siku inayofuata. Chagua timu kwa tabia ya watu wake kabla ya kutazama uwezo wao.

*Kunamfaa nani.* Aliyeelemewa na upweke, mstaafu, aliyehamia mji mgeni, na mwanaume ambaye hajawahi kumweleza mtu yanayomsibu. Huyu wa mwisho haambiwi aeleze lolote. Anakaa na wenzake pembeni ya uwanja baada ya mchezo, na wengi huanza kuzungumza hapo.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa sonona imekushika kiasi kwamba kutoka kitandani ni kazi, anza kwa kutembea dakika kumi, ikiwezekana asubuhi kwenye mwanga na pamoja na mtu mmoja usiyemwonea haya. Usijipangie zaidi ya hapo kwa wiki mbili. Kukimbia au timu vinaweza kufuata nguvu zikirudi, na kama havikufuata, kutembea kunajitosheleza.

Ikiwa tatizo lako kubwa ni wasiwasi wa ghafla, mwone kwanza daktari ahakikishe moyo wako hauna tatizo, kisha anza kwa kutembea haraka au kwa mazoezi ya nguvu yenye mapumziko, uongeze kasi kidogo kidogo hadi uzoee mapigo ya moyo yaliyopanda.

Ikiwa mawazo yale yale yanakuzunguka usiku na mchana, kukimbia peke yako kwa saa nzima kunaweza kuyapa nafasi zaidi. Vyuma vinavyohitaji kuhesabu, au mpira unaokulazimisha kutazama wenzako, vitakufaa zaidi. Na ukipenda kutembea, tafuta penye miti au bahari.

Ikiwa usingizi ndio umepotea, aina ya zoezi ina uzito mdogo kuliko saa yake. Mazoezi makali yaishe mapema jioni badala ya kukaribia saa ya kulala. Kutembea taratibu baada ya chakula hakuna shida.

Ikiwa una watoto wadogo, au mazingira hayakuruhusu kutoka, weka siku mbili za mazoezi ya nguvu chumbani na utembee unapopata mtu wa kukushikia mtoto, au naye mgongoni ikiwa mwili wako umepona vizuri baada ya kujifungua. Ikiwa una fedha kidogo lakini muda upo, kutembea siku za kazi na kikundi cha jogingi mwisho wa wiki ni mseto mzuri, kwa kuwa kimoja kinabeba siku zako mbaya na kingine kinakurudisha kwa watu.

Ikiwa unamuuguza ndugu yako, acha kumhubiria faida za mazoezi, kwa sababu huenda anazijua kuliko wewe na kushindwa kwake kunamwongezea hatia. Panga naye saa, fika mlangoni kwake saa hiyo, na utoke naye. Akikataa, kaa naye kidogo, kisha urudi siku iliyofuata saa ile ile.

Na ikiwa wewe, au yeye, mna mawazo ya kujiua, mnasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hamjala kwa siku kadhaa, au mmekaa siku nyingi bila kulala huku mkijisikia na nguvu zisizo za kawaida, ulinganisho huu wote usubiri. Hali hizo zinahitaji kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kutoka huko mgonjwa anaweza kupelekwa hospitali ya mkoa, Muhimbili au Mirembe kwa walio Tanzania, au Mathari kwa walio Nairobi. Ratiba ya mazoezi itapangwa baadaye pamoja na daktari, naye ndiye atakayesema ni lini mwili na akili viko tayari kuianza.